Pingamizi la Jirani wa Bondeni

Nisameheni mapema, kabla hamjakaa sawasawa. Hadithi ya jini inataka msimulizi mwenye sauti ya pangoni na uso usiocheka. Mimi nikitisha, watu hucheka. Nikichekesha, huulizana msiba uko nyumba gani. Nitapita mbio pa kwenda polepole, na pale pa kunong'ona huenda nikapiga kelele. Lakini mwenye hadithi hii hataki tena kuisimulia. Aliisema mara moja tu, tena amesimama mlangoni, akakataa kiti, akakataa na maji. Basi mmebaki na mimi. Akosaye la mama, hata la mbwa huamwa.

Mwenyewe alikuwa mkaguzi wa taa za nje katika ofisi ya matumizi ya ardhi. Msicheke. Ni kazi kama kazi nyingine, ina meza, ina mhuri, ina kiti kinachomng'ata mtu makalio. Ukitaka kujenga unaomba kibali. Tangazo lako hubandikwa ubaoni siku ishirini na moja ili jirani mwenye neno aandike pingamizi. Kamati inakaa, inakunywa chai, inapitisha. Halafu mkaguzi anakuja kuona kama umefuata masharti. Na sharti la taa lilikuwa la zamani kuliko jengo lenyewe la ofisi: taa ya nje ivae kofia, iangalie chini, na isimulike bondeni.

Kwa nini bondeni? Halikusema. Bonde lenyewe lilikuwa vichaka, mawe na kijito kinachojisahau kiangazi. Hata mbuzi hawakushuka huko. Lakini yule mkaguzi alilishika sharti kama mtoto anavyoshika upindo wa kanga ya mama yake sokoni. Mwenye duka, mwenye kinu, mwenye banda la kuku, wote aliwaambia neno moja: "Taa yako haina kofia." Wakamwita Bi Kofia, na jina likamkaa.

Siku ya ishirini ya tangazo fulani, asubuhi, karani wa masjala alimletea bahasha kutoka kisanduku cha pingamizi. Karani huyo alikuwa mzee wa vitu viwili, kikohozi na utani, na mara nyingi vilitoka pamoja.

"Bi Kofia, umepata barua ya mapenzi. Mwenyewe kaona haya kuweka jina."

"Wa kunipenda mimi angeleta unga, karani, asingeleta barua."

Ndani mlikuwa na karatasi moja, tupu pande zote mbili. Ilikuwa baridi kama imetolewa kisimani, na ilinuka utambi wa kibatari kilichozimwa sasa hivi. Akaielekeza dirishani. Tupu. Kalamu ikamponyoka, akainama kuiokota na karatasi ingali mkononi, na kule chini ya meza, kwenye kivuli, maandishi yakatokeza kama vipele vya baridi:

*Napinga. Mimi ni jirani. Nitakwenda wapi?*

Akainuka. Tupu. Akainama. Yakarudi.

"Umeangusha hereni?" karani akauliza.

"Hebu njoo uiname hapa uone kitu."

"Kwa mgongo huu? Nikiinama leo, utaniinua wewe na nani?"

Sasa, mimi na wewe tungekimbia, tena tungeacha viatu. Bi Kofia alifanya jambo ambalo ni mtu wa ofisi tu angelifanya: alitafuta namba ya kiwanja. Kanuni ilisema pingamizi lisilo na jina wala namba ya kiwanja halipokelewi. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akainama tena chini ya meza kwa uaminifu wote wa kazi yake. Hakuona namba. Akaligonga mhuri wa HALIJAKAMILIKA, akalitia kwenye droo, akanawa mikono kwa sababu ile harufu ya utambi ilikuwa imemganda vidoleni.

Lile tangazo lilihusu ukumbi wa sherehe, ukingoni kabisa mwa bonde, wenye taa za nje arobaini. Na mwombaji alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Huyo kaka mtu nimweleze vizuri, maana ni aina ya watu mnaowapenda. Walimwita Shangwe. Akiingia mahali, kicheko kinatangulia, yeye anafuata, na deni la soda linabaki kwa mwingine. Alikuwa akimchekesha mama yao mpaka uji unamtoka puani bibi wa watu, na mama akifuta pua atasema, "Mwanangu huyu, Mungu alinipa huyu," mbele ya binti yake, ambaye ndiye aliyeupika huo uji. Mama alikuwa haoni mwaka wa kumi na mbili. Aliishi kwa binti. Mwana alikuwa wa kusubiriwa.

Shangwe alifika ofisini bila kubisha hodi.

"Mdogo wangu, unanitazama kama taa isiyo na kofia."

"Kaka, taa arobaini za nini?"

"Watu wakipendana waonane."

"Zote zinaelekea bondeni."

"Zitavaa kofia, zote arobaini! Zitainama chini mpaka uzionee huruma. Naapa kwa macho ya mama."

"Mama haoni, kaka."

"Ndiyo maana naapa kwayo. Hayana pa kuharibika tena."

Akacheka peke yake. Bi Kofia hakucheka, lakini hakukasirika pia, na hapo ndipo mtego ulipofyatuka, ingawa yeye hakusikia mlio wake.

Niwape siri ya ofisi ile. Taa za nje zilikaguliwa saa nne asubuhi. Gari la ofisi huingizwa bandani saa kumi na moja jioni, dereva anaondoka na ufunguo, kwa hiyo tangu ofisi ifunguliwe hakuna mkaguzi aliyewahi kuona taa ya nje ikiwaka katika saa za kazi. Fomu ilikuwa na mstari: *hali ya taa wakati wa ukaguzi*. Watu wote waliandika: *zimefunikwa*. Bi Kofia peke yake alikuwa na mtindo wa kurudi jioni kwa miguu, kwa hiari yake, kujionea mwenyewe. Alirudi kwa mwenye duka, kwa mwenye kinu na hata kwa yule wa kuku.

Kwa kaka yake hakurudi. Utamkaguaje mara mbili mtu aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua? Saa nne asubuhi aliziona kofia arobaini za bati jeusi, akazihesabu moja moja huku Shangwe akimshikia mwavuli, akaandika *zimefunikwa*, akatia sahihi.

Jioni ya ufunguzi alikuwa uani kwake, ng'ambo ya bonde, akianua nguo. Jua lilikwisha zama. Ghafla akaona kivuli chake kimesimama ukutani mbele yake, kirefu, chenye kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi.

Akageuka. Ng'ambo kulikuwa kweupe. Hakukuwa na kofia hata moja. Taa arobaini zilikodolea bonde, kila jiwe likaonekana, kila kijiti, na chenene wote wakanyamaza kwa pamoja kama wanafunzi mwalimu anapoingia. Kisha kutoka kule chini ukaja mlio. Haukuwa wa mnyama. Ulikuwa mlio wa mtu anayehama, anayeburuta kitanda juu ya mawe, anapumzika, anaburuta tena, na kila akipumzika anakuwa amesogea karibu zaidi, akaupanda mteremko, akaukata uwanja, akampita Bi Kofia ubavuni bila kuonekana ila baridi na ile harufu ya utambi uliozimwa, na mlango wa nyumba yake, aliouacha umerudishwa tu, ukafunguka taratibu, kwa adabu, kama afanyavyo mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji.

Alimpigia Shangwe simu. Muziki ulikuwa unapasua masikio.

"Kaka, kofia ziko wapi?"

"Nimezirudisha kwa wenyewe! Zilikuwa za kuazima, mdogo wangu. Ulitaka kuziona, ukaziona."

"Uliapa!"

"Niliapa zitavaa. Sikuapa zitalala nazo."

Kesho yake alikuwa na haki ya kwenda na karatasi ya kuusimamisha ukumbi. Aliiandika, akaikunja, akaipeleka kwanza kwa mama, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Mama akasema, "Mwache kaka yako afurahi wiki moja tu. Wewe daima ni wa kukataza." Bi Kofia akairudisha karatasi mkobani. Alisikia uchungu, lakini ulikuwa uchungu wa zamani, ule anaoujua, akaumeza kama dawa ya kila siku.

Siku ya tatu, wakiwa wanakunywa chai, mama akashusha kikombe.

"Kuna mtu amehamia," akasema kwa sauti ya chini.

"Wapi, mama? Chumba cha uani?"

"Humu." Akajigusa kope kwa kidole. "Usipige kelele, anasikia. Giza langu nalijua, mwanangu, nimekaa nalo miaka kumi na miwili. Lilikuwa dogo, langu mwenyewe, kama chumba cha kupanga. Sasa nasikia mtu anavuta vitu."

"Vitu gani?"

"Sura."

Hapo itabidi niwafafanulie. Yule bibi alipoanza kupoteza macho, alizihifadhi sura za watu wake. Alikuwa akituita mmoja mmoja pale kwenye mwanga wa mlango, anakutazama mpaka unaona aibu, kisha anasema, "Basi, nimekuweka." Na kweli alikuweka. Usiku, badala ya kusali tu, alizipitia zote: mumewe marehemu, dada zake, majirani, wanawe wawili. Ndizo zilikuwa mali yake.

"Anazitoa nje," mama akanong'ona. "Moja moja, kama mtu anayefagia. Jana kamtoa jirani yetu muuza mkaa. Leo alfajiri nimemtafuta baba yenu. Nimekuta mahali pake pamefagiliwa."

Bi Kofia alimshika mikono. Ilikuwa baridi, na ilinuka utambi.

Karani wa masjala, alipohadithiwa, kwa mara ya kwanza hakutania. Alikohoa tu, akamwelekeza kwa mpima ardhi mstaafu waliyemwita Mzee Futi. Huyu baada ya kustaafu alikuwa ameingia uganga, na ukimwuliza alibadilije kazi, atakujibu kwa ukali, "Sikubadili. Ni mipaka ileile." Alikuja alasiri, mkali, kanyoosha suruali kwa pasi, na badala ya ubani na vibuyu akatoa futi ya chuma, ile ya kukunjuka.

"Chumba cha mama yako kina urefu gani?"

"Futi kumi na mbili."

Akapima. Kumi na mbili. Akaamuru dirisha lizibwe kwa blanketi na mlango kwa shuka, mpaka mchana wote ukabaki nje. Mama alikaa kitandani, mikono mapajani. Katika giza, Mzee Futi akaibana ncha ya futi ukutani, akampa Bi Kofia aishike, naye akaanza kwenda upande wa pili akihesabu kwa kunong'ona.

"Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano."

"Mzee, ukuta uko wapi?"

"Nyamaza, shika. Ishirini. Ishirini na tano."

Sauti yake ikawa inatoka mbali, ya mtu aliye ng'ambo ya uwanja, na futi ikaendelea kukunjuka kwa mlio wake mdogo wa chuma, trrr, trrr, ikapita thelathini, ikapita arobaini, na chini ya nyayo za Bi Kofia sakafu ya saruji ikawa na kokoto, akasikia kijito mahali fulani chini kushoto, akasikia upepo wa mahali pasipo na paa, na ndipo Mzee Futi akamsemea sikioni, karibu kabisa, ubavu kwa ubavu, "Mimi nimerudi zamani, nimeiachia," na futi ikazidi kuvutwa, kwa utulivu, mkono kwa mkono, na yeyote yule aliyekuwa ameishika upande wa pili.

Bi Kofia aliachia akang'oa lile blanketi. Chumba kilikuwa futi kumi na mbili. Futi yenyewe ilikuwa imelala sakafuni, yote imekunjuka, imelowa umande.

Mzee Futi alikaa kwenye kiti cha uani, akaomba maji, akanywa vikombe viwili.

"Sharti lile hawakulitunga watu wa halmashauri," akasema. "Walilikuta. Ni mpaka. Juu kwenu, chini kwake. Nyinyi mmeijaza mwanga nyumba yake yote, akatafuta giza lisiloguswa na swichi. Na alianzia kwa aliyetia sahihi."

"Aliniandikia."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwandikia kwamba hajakamilika."

Mzee Futi akaweka kikombe chini. "Hata mimi ningekasirika," akasema.

Dawa, kwa maelezo yake, ilikuwa nyepesi kuisema. Kibali kifutwe palepale kilipopitishwa, mbele ya kamati, kwa maneno ya kweli: mkaguzi aseme hakurudi usiku, mwenye taa aseme alizivua kofia, kisha azizime. Tena kabla sura ya mwisho haijatoka. "Jini likishafagia lote," akasema, "halihami tena. Linajenga."

Jioni hiyo Bi Kofia akaenda kwa kaka yake. Alikuta anajaribu vipaza sauti. Akamweleza yote, hadi ile futi, na Shangwe kwa mara moja maishani akasikiliza bila kukatiza. Kisha akamkumbatia.

"Mama yetu ni mmoja, mdogo wangu. Alhamisi tutasimama pamoja. Mimi nitaanza kusema, wewe utafuata. Ukumbi ni tofali tu."

"Kaka, nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwaje, na mimi nimebeba kosa lote? Nenda ukalale."

Akaenda akalala. Alilala vizuri, ndicho kitu kilichomuuma zaidi baadaye.

Alhamisi kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi, taa ndefu nyeupe juu, mapazia yameshushwa kwa sababu mtu alikuwa anatumia projekta. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyependa mambo yapite saa saba. Bi Kofia alisimama kwanza, maana Shangwe alimkonyeza kwamba aanze. Akasema ukweli wote. Alisema alikagua mchana, hakurudi usiku, kofia zimevuliwa, kibali kifutwe, naye achukuliwe hatua yoyote.

"Mwenye ukumbi?" mwenyekiti akaita.

Shangwe akasimama. Akavuta suruali juu, akawaangalia wajumbe mmoja mmoja, na kabla hajafungua mdomo wawili walikuwa wanatabasamu.

"Waheshimiwa," akasema, "huyu ni dada yangu wa damu, nisingependa kumwaibisha. Lakini mimi kofia za taa nilizijulia wapi? Aliniambia mwenyewe, kaka, zivalishe siku ya ukaguzi tu, baada ya hapo uamuzi ni wako. Nikatii. Tangu utotoni namtii, anapika vizuri." Wakacheka. "Sasa juzi kaja kwangu ananiambia chumba cha mama kina futi arobaini. Waheshimiwa, kama dada yangu anajua kurefusha vyumba bila matofali, mpeni kitengo cha ujenzi!"

Kamati ikaangua kicheko. Mjumbe mmoja alipiga meza. Bi Kofia alisimama pale, na kitu alichokiona hakikuwa uongo wenyewe. Uongo wa kaka yake alikuwa ameula tangu utoto. Alichokiona ni jinsi ulivyomtoka kwa raha, jinsi alivyongoja kicheko kitulie kabla ya kuongeza mwingine, kama mtu aliyeufanyia mazoezi.

"Kaka," akasema, na sauti yake haikufika meza ya pili. "Mama amebakiwa na sura mbili."

Shangwe alitazama dari.

"Mkaguzi," mwenyekiti akasema kwa upole, "hata hivyo pingamizi lilipaswa kuletwa ndani ya siku ishirini na moja."

"Lililetwa. Siku ya ishirini. Ninalo hapa."

Ile karatasi ikapita mkono kwa mkono chini ya taa ndefu. Tupu. Wengine wakaipindua, mmoja akainusa akakunja pua.

Bi Kofia hakuomba ruhusa. Alikwenda ukutani, akabonyeza swichi, akang'oa waya wa projekta. Mapazia yalikuwa mazito. Na katika giza lile la saa sita mchana kicheko cha mwisho kilikatikia kooni kwa mtu, kwa sababu karatasi iliyokuwa mkononi mwa mwenyekiti ilikuwa imejaa maandishi, na hayakuwa yale machache ya mwanzo bali yalikuwa yamejipanga vizuri, kwa mtindo wa ofisi, jina la mpingaji, *jirani*, sababu ya kupinga, *nimenyang'anywa*, na mwishoni, pale palipokosekana namba ya kiwanja, palikuwa na namba ya kiwanja cha nyumba ya Bi Kofia, chumba cha mama, na chini yake, wino ungali unaota taratibu mbele ya macho yao, *nimekamilika*. Na kila mmoja akasikia, nyuma ya kiti chake mwenyewe, karibu, mtu anakunjua futi ya chuma.

Sijui ni nani aliyewasha taa. Wajumbe wawili walikuwa juu ya meza. Mwenyekiti aliitazama karatasi, tupu, akaiweka chini kwa vidole viwili, na kwa sababu watu wa kamati wakiogopa sana hurudi kwenye kanuni, akamgeukia katibu.

"Iandikwe," akasema, "kwamba mkaguzi alileta karatasi isiyo na maandishi. Kibali kinabaki. Mkaguzi anasimamishwa kazi. Kikao kimefungwa."

Bi Kofia alitembea mpaka nyumbani. Mama alikuwa amekaa kizingitini, ameinua uso kama anayesikiliza mvua ya mbali.

"Mama, nimerudi."

"Karibu, mwanangu." Bibi akanyoosha mikono, akampapasa paji la uso, pua, mashavu, akarudia, polepole, kama anayesoma kitu kilichofutwa. "Sauti yako naijua. Mikono yako naijua, ndiyo inayonilisha. Lakini nikikutafuta ndani, hupo." Akaanza kulia bila sauti. "Nisamehe, mama yangu. Kakutoa mchana huu, saa sita. Nilikushika, nguvu sina."

"Amebaki nani, mama?"

"Kaka yako. Nimemwambia huyu naye mtoe basi umalize. Akasema huyu hamtoi." Bibi akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Akasema anamtazama vizuri, amjue."

Usiku ule mlango ukafunguka tena kwa adabu, na Bi Kofia akasikia kitanda kinaburutwa juu ya mawe, kinashuka mteremko, kinakwenda ng'ambo. Asubuhi mama alikuwa na joto mikononi. Giza lake lilikuwa dogo tena, futi kumi na mbili, lake mwenyewe. Lilikuwa tupu.

Mnataka kujua yule jirani alikokwenda. Ng'ambo kote kulikuwa na taa arobaini, hapakuwa na kivuli cha kumtosha panya. Shangwe alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, ukumbi umejaa. Akapepesa macho. Katika kupepesa kule, nukta moja tu, nyuma ya kope zake akaona bonde, na kule mwisho wa bonde mtu amesimama. Akapepesa tena. Yule mtu alikuwa amepiga hatua. Akapepesa tena.

Najua kwa sababu Shangwe ni mimi. Msigeuke hivyo, kaeni, bado sijamaliza kuiharibu hadithi. Ndiyo maana mnaniona nimekodoa macho tangu nianze. Usiku nalala yamefumbuka kama samaki, na yakinilemea, yule jirani anakunjua futi. Amebakiza kama hatua tatu. Dada alikuja mara ile moja, akasimama mlangoni kwangu, akaniambia yote haya, akamaliza hivi: "Zizime taa, kaka, atarudi kwake. Na huenda sura za mama zikarudi. Huenda na yangu." Nikalia mbele yake, machozi ya kweli, nikamwapia kwamba nitazizima, zote arobaini, wala sitangoja mwisho wa mwezi.

Nitazizima Jumapili. Jumamosi nina harusi.